Miale ya gama yafumbua siri za galaksi jirani, Afrika yaanza kuachwa nyuma

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 2025, Tume ya Ulaya ilikipa hadhi kamili ya kisheria kituo kipya cha kuchunguza miale ya gama kutoka angani, kijulikanacho kwa kifupi kama CTAO. Kituo hicho, kinachokusudiwa kuwa na darubini zaidi ya 60, kimegawanywa sehemu mbili: kisiwa cha La Palma nchini Hispania, na jangwa la Atacama nchini Chile.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, habari hiyo yaweza kuonekana ya mbali mno. Lakini miongoni mwa kazi kubwa zilizopangiwa kituo hicho ni kulipima kwa kina Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na galaksi yetu. Galaksi hiyo haionekani kabisa kutoka Ulaya. Mkazi wa Mtwara, Mafia au Malindi, akiwa mbali na taa za mji, anaweza kuiona kwa macho yake katika usiku usio na mbalamwezi kati ya Desemba na Februari, kama doa jeupe lililoinama upande wa kusini.

Ni katika doa hilo, na katika galaksi nyingine chache zilizo karibu, ambamo wanasayansi wamekuwa wakitafuta jibu la fumbo lililodumu kwa zaidi ya miaka mia moja: miale ya kosmiki inatoka wapi, na inafanya nini huko inakotoka?

Jina lenyewe linapotosha. Miale ya kosmiki si miale ya mwanga, bali ni chembe zenye kasi inayokaribia ile ya nuru. Takriban asilimia 90 ni protoni, yaani viini vya atomi za hidrojeni. Asilimia 9 hivi ni viini vya heli. Na zilizobaki ni viini vizito zaidi pamoja na elektroni.

Aliyezigundua ni Mwaustria Victor Hess. Agosti 7, 1912, alipaa kwa puto hadi kimo cha zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vya mionzi. Wakati huo iliaminika kuwa mionzi yote inayopimwa hewani hutoka katika miamba ya ardhini, kwa hiyo ilitarajiwa ipungue kadiri mtu anavyopanda juu. Hess alikuta inaongezeka. Akahitimisha kuwa inatoka nje ya dunia, na mwaka 1936 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Chembe hizo zinatupiga kila sekunde, ingawa hewa hutukinga na sehemu kubwa. Anayesafiri kwa ndege hupata mionzi mingi kuliko aliyebaki chini. Kaboni-14, ambayo wanaakiolojia huitumia kupima umri wa makaa na mifupa, ni zao la miale ya kosmiki inapogonga hewa ya juu. Si jambo la kigeni kwetu, basi, ila hatukuzoea kulitaja kwa jina.

Barua isiyo na mhuri

Ugumu wa kujua zinakotoka unatokana na jambo moja. Chembe hizi zina chaji ya umeme, na anga za mbali zimejaa uga wa sumaku, yaani nguvu za sumaku zilizotanda kati ya nyota. Sumaku hupindisha njia ya kila chembe yenye chaji. Protoni iliyoanza safari upande mmoja wa galaksi huzungushwa huku na huko kwa mamilioni ya miaka, na inapotufikia huja kutoka upande wowote ule. Ni mfano wa barua iliyopitishwa posta nyingi hadi mhuri wa ilikotumwa ukafutika.

Hapa ndipo miale ya gama inapokuwa na faida. Protoni yenye kasi kubwa ikigonga atomi ya gesi iliyo kati ya nyota, mgongano huo huzaa chembe ya muda mfupi sana iitwayo pioni. Pioni isiyo na chaji huvunjika papo hapo na kutoa miale miwili ya gama. Miale hiyo ni nuru, aina kali kuliko zote, na nuru haipindishwi na sumaku. Husafiri moja kwa moja hadi kwetu. Anayeiona anajua mgongano ulitokea wapi, na akijua pia kiasi cha gesi kilichopo mahali hapo, anaweza kukadiria wingi wa miale ya kosmiki.

Ni hesabu nyepesi kuieleza. Kuitekeleza ni kazi nyingine, kwa sababu hewa ya dunia huizuia miale ya gama, na vyombo vya kuipima havina budi kupelekwa juu ya hewa hiyo.

Ikumbukwe kuwa hatua moja ya awali katika kazi hiyo ilianzia katika mwambao wetu. Novemba 15, 1972, satelaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta: roketi hupata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa dunia, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hukutana na chembe chache zaidi za kuvuruga vipimo. Miaka miwili kabla, Desemba 12, 1970, jukwaa hilo hilo lilikuwa limerusha satelaiti ya miale ya eksi iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake.

Umeme wa SAS-2 uliharibika Juni 1973, lakini katika miezi michache ya uhai wake ilionyesha wazi kuwa miale ya gama inaufuata mkanda wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, mahali gesi ilipojaa. Hoja ya migongano ikapata nguvu.

Kutoonekana kulikojibu swali

Likabaki swali kubwa zaidi. Je, miale ya kosmiki imeenea sawasawa katika ulimwengu wote, au kila galaksi hujitengenezea yake?

Mwaka huo huo wa 1972, Mrusi Vitaly Ginzburg, ambaye alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi nyingine kabisa, alipendekeza jaribio. Alisema Mawingu mawili ya Magellan yapimwe. Kiasi cha gesi yake kinajulikana kwa darubini za redio. Iwapo miale ya kosmiki imejaa huko sawa na huku kwetu, miale ya gama inayopaswa kutoka humo inaweza kupigiwa hesabu mapema. Ikionekana pungufu, maana yake miale ya kosmiki si ya ulimwengu mzima.

Jaribio hilo lilisubiri miaka takriban 20. Mwaka 1991 Marekani ilirusha satelaiti ya Compton, ikiwa na chombo kilichoitwa EGRET. Mwaka 1992 ilitangazwa kuwa EGRET imeliona Wingu Kubwa. Wingu Dogo, lililo umbali wa takriban miaka nuru 200,000, lilipimwa pia na halikuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa mifano mizuri ya kutoona kitu kukawa na uzito kuliko kukiona. Kama miale ya kosmiki ingekuwa imeenea kote kwa kiwango kilekile, Wingu Dogo lingepaswa kung'aa kiasi cha kutosha EGRET kuliona. Halikung'aa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miale ya kosmiki huzaliwa ndani ya galaksi na hukaa humo kwa muda kabla ya kutoroka.

Hukumu hiyo haigusi chembe zote. Zile chache zenye nishati ya juu kupita kiasi ni suala jingine: mwaka 2017, kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kilitoa ushahidi kuwa chembe hizo hutoka nje ya galaksi yetu.

Kizazi kilichofuata ni cha satelaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 11, 2008, yenye uwezo wa kuona uliokuwa ndoto kwa EGRET. Mwaka 2010, wanasayansi wa Fermi walitangaza kuwa Wingu Kubwa lina wastani wa miale ya kosmiki unaokaribia theluthi moja tu ya ule uliopo jirani na jua letu. Safari hii Wingu Dogo nalo lilionekana, na wastani wake haukuzidi asilimia 15.

Kwa nini uwe mdogo hivyo? Sehemu ya maelezo ni kwamba galaksi ndogo haina uwezo wa kuzishikilia chembe zake. Huvuja kama pakacha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, lakini hapa kinachovuja ndicho kilichotafutwa, na mpimaji anabakiwa na mabaki.

Tahadhari inahitajika katika kusoma takwimu za namna hii. Si kila mwale wa gama umezaliwa na protoni. Elektroni nazo huweza kuutoa, na nyota zilizokufa ziitwazo palsa, ambazo huzunguka kwa kasi kubwa, hutoa gama kwa njia zao zenyewe. Katika Wingu Kubwa kuna eneo maarufu la kuzaliwa nyota liitwalo nebula ya Tarantula, na mng'ao wake wa gama ulichukuliwa kuwa alama ya miale ya kosmiki inayotengenezwa humo. Novemba 2015 ilitangazwa kuwa takriban nusu ya mng'ao huo ni wa palsa moja, yenye kutoa mapigo 20 kwa sekunde. Ilikuwa palsa ya kwanza ya gama kutambuliwa nje ya galaksi yetu. Ugunduzi ni wa kujivunia, lakini kwa waliokuwa wakihesabu protoni ulikuwa pia punguzo la ghafla katika daftari.

Usiku wa Namibia

Satelaiti zina kikomo. Miale ya gama yenye nishati kubwa zaidi ni adimu mno kiasi kwamba chombo kidogo cha angani chaweza kungoja muda mrefu bila kuupata mwale hata mmoja. Kwa miale hiyo, hewa ambayo ilikuwa kikwazo hugeuzwa kuwa kipimo. Mwale ukigonga hewa ya juu huzaa kundi la chembe, nazo hutoa mwako hafifu wa buluu unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Darubini kubwa zilizo chini huupiga picha mwako huo na kukadiria mwale ulikotoka. Sharti lake ni giza totoro.

Giza hilo lipo Namibia. Katika nyanda za juu za Khomas, takriban kilomita 100 kutoka Windhoek na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zilijengwa darubini nne zenye upana wa mita 12 kila moja. Mradi huo uitwao H.E.S.S., kwa heshima ya Victor Hess, ulizinduliwa rasmi Septemba 2004, na darubini ya tano yenye upana wa mita 28 iliongezwa mwaka 2012. Ujerumani na Ufaransa ndizo zenye mkono mkubwa, lakini Chuo Kikuu cha Namibia na Chuo Kikuu cha North-West cha Afrika Kusini vimo katika ushirika huo.

Mwaka 2009, H.E.S.S. iliigundua miale ya gama kutoka galaksi ya NGC 253, iliyo umbali wa zaidi ya miaka nuru milioni 11. Ilibidi darubini zielekezwe huko kwa jumla ya saa 119. Mwaka huo huo, darubini za VERITAS zilizoko Arizona, Marekani, zilitangaza kuiona galaksi ya M82, umbali wa miaka nuru kama milioni 12, baada ya saa 137 za kuitazama.

Hizi si galaksi za kawaida. Katikati yake nyota huzaliwa kwa fujo, na zile kubwa hufa upesi kwa kulipuka. Ndani ya Njia Nyeupe hukadiriwa milipuko miwili au mitatu ya namna hiyo katika karne moja. Ndani ya M82 hukadiriwa angalau mmoja kila muongo. Kama ni kweli kwamba mabaki ya nyota zilizolipuka ndiyo mitambo ya kuzirusha chembe, galaksi hizo zilipaswa kufurika miale ya kosmiki.

Ndivyo ilivyokuwa. Wingi wake katikati ya M82 ulikadiriwa kuwa mara 500 ya wastani wa Njia Nyeupe. Katikati ya NGC 253 makadirio yalifika kama mara elfu moja ya ule wa katikati ya galaksi yetu. Mwaka 2012 wanasayansi wa Fermi walionyesha kuwa uhusiano huo unajitokeza katika galaksi nyingi: palipo na uzazi mwingi wa nyota, pana gama nyingi. Mwaka uliofuata Fermi ilitambua, katika mabaki mawili ya milipuko yaliyo ndani ya galaksi yetu, alama mahsusi ya pioni. Huo ulikuwa ushahidi wa wazi kuliko wote uliotangulia kwamba mabaki hayo huzipa protoni kasi.

Mwaka 2015 Namibia ilirudi tena katika habari. Baada ya saa 210 za kulitazama Wingu Kubwa, H.E.S.S. ilitenganisha ndani yake vyanzo vitatu: wingu linaloendeshwa na palsa, mabaki ya mlipuko, na povu kubwa la gesi lililopulizwa na kundi la nyota, liitwalo 30 Dor C. Hili la tatu ndilo lililozua mjadala. Linaashiria kuwa huenda nyota zinazofanya kazi kwa pamoja, kwa pepo zake na milipuko yake, huzisukuma chembe hadi nishati ambazo mlipuko mmoja hauwezi kuzifikia.

Andromeda yakataa kufuata kanuni

Hadi hapo mtu angeweza kudhani kuwa mambo yamekaa sawa. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa takriban miaka nuru milioni 2.5, ikavuruga hesabu.

Andromeda ni galaksi kubwa inayofanana na yetu. Fermi iliiona mwaka 2010, na ilitarajiwa kuwa vipimo zaidi vingeonyesha gama imetapakaa katika sahani yake yote, mahali penye gesi na nyota changa. Ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha kinyume. Gama imejikusanya katikati, ambako gesi ni kidogo na nyota nyingi ni za zamani. Haifuati gesi.

Maelezo mawili yamekuwa yakishindanishwa. La kwanza ni kundi la palsa za zamani zilizojazana katikati. La pili ni maada ya giza, ile isiyoonekana ambayo uzito wake unajulikana kwa jinsi inavyovuta nyota, kwamba huenda chembe zake zinaangamizana na kutoa gama. Mng'ao wa ziada unaofanana na huo upo katikati ya Njia Nyeupe pia, nao umezusha ubishi uleule. Mwandishi wa makala haya anaona palsa zina haki ya kutangulizwa, kwa kuwa zipo na zinajulikana, ilhali hakuna aliyewahi kuishika chembe ya maada ya giza. Lakini ni lazima ikubaliwe kuwa hakuna upande ulioshinda.

Swali hili si la mapambo. Nishati ya miale ya kosmiki katika galaksi yetu inalingana na ile ya sumaku yake na ya nuru ya nyota zake. Chembe hizo zina uwezo wa kusukuma gesi nje ya galaksi na hivyo kupunguza malighafi ya nyota zijazo. Asiyejua zinavyosambaa hawezi kueleza kikamilifu kwa nini galaksi moja inaendelea kuzaa nyota na nyingine imekoma.

Na hapa tunarudi kwenye CTAO. Namibia, yenye usiku mzuri na uzoefu wa zaidi ya muongo mmoja, iliomba kituo cha kusini kijengwe kwake. Julai 2015 wakuu wa mradi waliamua kujadiliana na wenye uwanja wa Chile, na Namibia ikabakizwa kuwa akiba. Chile ina milima mirefu, barabara, umeme na vituo vingine vikubwa vya Ulaya vilivyotangulia. Hoja hizo hazikuwa za uongo. Lakini matokeo yake ni kwamba uchunguzi wa kina zaidi wa Wingu Kubwa, uliofunguliwa na darubini zilizo katika ardhi ya Afrika, umepangwa kuendelezwa Amerika ya Kusini.

Historia ya Malindi inatoa fundisho linalokaribiana na hilo. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya satelaiti ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kituo cha mawasiliano cha Malindi kilipokea data za satelaiti ya gama ya Italia, AGILE, tangu ilipoanza kazi mwaka 2007 hadi ilipokoma mwaka 2024. Mkataba mpya baina ya Kenya na Italia wa mwaka 2016 unagusa mafunzo na upatikanaji wa data, na Kenya iliunda Wakala wake wa Anga mwaka 2017. Tofauti na zamani, sasa kuna karatasi ya kudai.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji mkataba. Data za Fermi zimekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2009, pamoja na programu za kuzichambua. Mwanafunzi wa Dodoma, Makerere au Lubumbashi mwenye kompyuta na intaneti ya kuaminika anaweza kuzipakua na kuuliza mwenyewe kuhusu gama ya Andromeda. CTAO nayo imeahidi kuweka data zake wazi baada ya muda wa awali wa watafiti waliozipata. Aidha, Kenya, Msumbiji, Zambia na Namibia ni washirika wa mradi wa darubini ya redio wa SKA, ambao tayari umezaa darubini ya MeerKAT yenye masahani 64 katika Karoo, Afrika Kusini. Mawimbi ya redio huonyesha elektroni za kosmiki zinavyozunguka katika sumaku za galaksi, sehemu ile ambayo gama pekee haiwezi kuitenga.

Kinachokosekana ni walimu wa fani hii, nafasi za shahada za juu, na bajeti ya kuwalipa wanaohitimu wasiende kutafuta ajira benki. Satelaiti ya Fermi imekwisha kuzidi kwa miaka mingi muda wa miaka mitano hadi kumi uliokusudiwa iliporushwa, na data ilizokwisha kukusanya ni nyingi kuliko watu wa kuzisoma.